Mkono Kwanza, Ulimi Baadaye: Mwongozo kwa Atakaye Kuwa Mwalimu wa Ufundi katika Mbulu na Hanang

Katika nchi hii ya nyanda za juu, kabla halijafika gari la kwanza wala haijajengwa shule ya kwanza, walikuwapo walimu wa ufundi wasiokuwa na cheti wala ubao, nao ni wahunzi wa Gidang'odiga, watu wa Kidatoga ambao maisha yao ni moto, mivukuto ya ngozi ya mbuzi na nyundo, na ambao kwa mikono yao Wahadzabe wa Yaeda wamepata vigumba vya mishale na wanawake wa Kibarbaig wamepata bangili za shaba. Mtoto wa mhunzi hakabidhiwi nyundo siku ya kwanza. Huvuta mivukuto mpaka ameujua moto kwa rangi yake, kisha hushika koleo, na nyundo huja mwisho. Wala baba hana hotuba ndefu ya kumpa, maana macho ya mtoto yamekaa penye kazi tangu asubuhi hata jioni, mwaka baada ya mwaka. Elimu hiyo ni kamili kwa taratibu yake, ila ina upungufu mmoja, nao ni kwamba haimfikii mtoto asiyezaliwa katika nyumba ile.

Mwalimu wa ufundi wa zama hizi ni mtu anayetakiwa kuuondoa upungufu huo: aweze kutenda atendayo mhunzi, kisha aweze kumpa ujuzi ule mtoto wa mtu baki, si mmoja bali thelathini kwa wakati mmoja, kwa muda uliohesabiwa na kwa kipimo kinachojulikana. Nimekwisha kuona watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na nusu ya sifa hiyo. Wa kwanza ni fundi wa matrekta niliyemtazama Katesh siku moja ya mnada, mzee ambaye aliinamisha kichwa penye injini, akasikiliza, akataja ila ya mashine kabla hajafungua parafujo hata moja. Kijana wake aliyekuwa ameshika spana alipomwuliza amejuaje, alijibiwa, "Sikiliza tu," naye kijana akasikiliza, asisikie ila kelele. Wa pili ni mwalimu kijana, mwenye mwandiko mzuri, aliyechora ubaoni kona ya ukuta wa matofali kwa vipimo vyote, mchoro wa kupendeza kabisa. Lakini wanafunzi walipomwomba awajengee kozi tatu waone, ukuta ukaegemea kama mlevi, nao wakatazamana. Yule mzee alikuwa na mkono bila ulimi, na kijana alikuwa na ulimi bila mkono. Ndugu msomaji wa Mbulu au wa Hanang, ukiwa na nia ya kazi hii, mwongozo huu umeandikwa ili usiwe yule wala huyu.

1. Ijue kazi uitakayo

Jina la mwalimu wa ufundi limebeba kazi nne zisizofanana, na asiyezitenga huweza kutumia miaka mitatu akisomea moja, ilhali moyo wake ulitaka nyingine.

Ya kwanza ni ya mwalimu wa ufundi stadi, anayefundisha useremala, uashi, umeme wa majumbani, ushonaji, uchomeleaji, ufundi magari na mfano wa hayo, katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, au katika vyuo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, au katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden na ambavyo kimojawapo, Tango, kiko hapa Mbulu. Ya pili ni ya mwalimu wa sekondari anayefundisha masomo ya ufundi na amali. Ya tatu ni ya mkufunzi wa chuo cha ufundi au chuo kikuu, anayewafundisha mafundi sanifu na wahandisi. Ya nne, ambayo watu wengi huisahau kwa kuwa haina jengo lenye bango, ni ya mkufunzi wa kazini: mtu ndani ya kiwanda, shamba, karakana au hospitali ambaye wajibu wake ni kuwafundisha wafanyakazi wapya na kuwaongezea ujuzi wale wa zamani.

Katika hizo nne, ya pili ndiyo iliyopanuka upesi katika miaka hii. Zamani shule za sekondari za ufundi za serikali zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, Ifunda, Moshi, Tanga, Bwiru, Iyunga, Musoma na Mtwara, na mtoto wa Dongobesh au wa Bassotu aliyetaka kuzisoma alifunga safari ya kuvuka mikoa. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023 ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeweka katika elimu ya sekondari mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, na baadhi ya shule zilikwisha kuanza kuufundisha Januari 2024. Neno amali, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kazi na matendo, wenzetu wa Zanzibar walilitumia kwa mafunzo ya namna hii kabla yetu. Basi tafakari: karakana huweza kujengwa kwa mwaka mmoja, na vifaa huweza kununuliwa kwa mwezi mmoja, lakini mwalimu aliyekomaa katika mkono na katika ulimi huchukua miaka. Hapo ndipo nafasi yako ilipo.

2. Chagua ufundi wenye mizizi katika nchi yako

Wengi huchagua ufundi kwa kufuata sifa zake mjini. Wewe chagua kwa kutazama kinachofanywa, kinachoharibika na kinachohitajiwa pale unapokusudia kuishi. Hanang ina somo lake la kale katika jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano katika mashamba makubwa ya Bassotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengineyo, ardhi ya ekari takriban 100,000 ambayo Wabarbaig walikuwa wakichungia, na ambayo kwa kuikosa walipata taabu na kwenda mahakamani. Pamoja na dhuluma hiyo ya malisho, mashamba yale yalileta matrekta na mashine za kuvunia, na mashine zikazalisha mafundi, maana Watanzania walifundishwa kuzitunza, wengine wakapelekwa kusoma Kanada. Ngano na shayiri bado hulimwa chini ya Mlima Hanang, na mashine ya kuvunia inapokatika mkanda katikati ya msimu, mwenye shamba huhesabu hasara kwa saa. Ufundi wa zana za kilimo hauhitaji kutangazwa katika nchi hiyo, unahitaji mwalimu.

Uashi nao una hoja nzito. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi miongoni mwavyo, na watu zaidi ya 80 wakafariki dunia. Nyumba haiwezi kuuzuia mlima, lakini ujenzi uliofuata ulitaka, na ujenzi wa kila siku unataka, waashi wanaojua msingi, mfereji wa maji na mahali pasipojengwa. Upande wa Mbulu, ambako Wairaqw wamelima kwa matuta na kufuga katika eneo moja kwa vizazi, kuna maziwa yanayotaka kusindikwa, vitunguu saumu vya Bashay vinavyotaka kukaushwa na kuhifadhiwa, ngozi zinazotaka kuchakatwa badala ya kuuzwa mbichi, na vijiji vinavyowasha taa kwa nguvu ya jua, ambavyo betri ikifa hukaa gizani kwa kukosa mtu wa kuitazama. Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwe imekuwapo tangu mwaka 1955, ina mitambo ya umeme, maji na vyumba vya upasuaji ambayo haimngoji fundi kutoka Arusha.

Wala usidhani kuwa maneno haya ni ya wavulana peke yao. Binti anayejua umeme au uchomeleaji, akisimama mbele ya darasa, huwa amekwisha kufundisha somo moja kabla hajafungua kinywa, na wazazi waliokuwa wakisita kuwapeleka binti zao karakana hupungukiwa na hoja.

3. Njia tatu za kufika

*Njia ya karakana.* Hii ni ya yule aliye fundi tayari. Ikiwa umejifunza katika chuo cha ufundi stadi, unajua kwamba ujuzi hupimwa katika ngazi tatu za tuzo ya taifa, I, II na III. Usisimame katika ya kwanza kwa kuwa umekwisha kupata kibarua, kwa sababu ngazi ya tatu ndiyo mlango wa mbele. Ikiwa umejifunza kwa mzee chini ya mti wala hukukanyaga chuo, usione haya: VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao fundi wa mtaani hupimwa kwa vitendo katika kazi yake mwenyewe, huelekezwa penye upungufu, kisha hupewa cheti kinachotambulika. Wa Mbulu na Hanang waulize katika chuo cha VETA cha mkoa, kilicho Babati. Ukiisha kuwa na cheti cha ufundi, elekeza macho Kihonda, kilipo Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, mali ya VETA, ambacho kazi yake mahususi ni kuwachukua mafundi na kuwafanya walimu: huko hawakufundishi kushika randa, kwa kuwa umekuja ukiijua, bali hukufundisha kuandaa somo, kutengeneza zana za kufundishia, kuongoza karakana na kupima umahiri wa mwanafunzi. Hutoa cheti na stashahada.

*Njia ya fundi sanifu.* Hii humfaa aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu hisabati na sayansi. Hujiunga na chuo cha ufundi kwa stashahada, akapanda ngazi ya nne, ya tano na ya sita za tuzo za ufundi zinazosimamiwa na NACTVET, baraza ambalo jina lake la sasa limeanza mwaka 2021 nalo ni mrithi wa baraza la mwaka 1997. Kwetu kilicho karibu ni Chuo cha Ufundi Arusha, kilichojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi katika miaka ya 1970. Kikongwe kuliko vyote ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1957. Mwenye stashahada huweza kwenda kufundisha baada ya kusomea ualimu, au huweza kuendelea na shahada.

*Njia ya chuo kikuu.* Hapa ndipo maswali ni mengi, basi nitakwenda taratibu. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini kiwango cha chini ni kizingiti tu, na programu yenyewe huwa na masharti yake juu ya hicho, hasa fizikia na hisabati kwa mambo ya uhandisi. Kwa mwenye stashahada, tume hutaka wastani usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Na hapa soma kwa makini, kwa kuwa jambo hili limewapita vijana wengi wa ufundi kwa kutolijua: aliyepungukiwa na masomo hayo manne, akiwa na tuzo ya ufundi stadi ya ngazi ya tatu, tuzo hiyo husimama mahali pake. Kwa maneno mengine, seremala aliyeteleza katika kidato cha nne hajafungiwa mlango wa chuo kikuu; amepewa ngazi ndefu zaidi, nayo inapandika.

Kwa shahada inayounganisha uhandisi na ualimu, tazama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, kikapanda daraja, na ambacho kina shahada za elimu ya ufundi katika fani kama ujenzi, mitambo na umeme. Anayetaka kufundisha kilimo na mifugo atazame Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984, ambacho elimu ya kilimo na ugani ni kazi yake ya siku nyingi. Mwajiriwa asiyeweza kuacha kazi na familia akifikirie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa hali yake. Na ukivuka mipaka, majirani wana vyuo vyao vya shughuli hii: Kenya ina chuo cha walimu wa ufundi huko Gigiri, Nairobi, na Uganda ina Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichozaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimojawapo kikiwa taasisi ya ualimu.

Ikiwa waniuliza ni njia ipi aula, nitasema bila kuficha: kwa kijana aliye na ufundi mkononi, ya kwanza, hata kama ni ndefu na haina joho mwanzoni. Shahada iliyojengwa juu ya ufundi husimama. Ufundi unaotafutwa baada ya shahada aghalabu haupatikani, kwa sababu mwenye shahada huona aibu kuvuta mivukuto.

4. Karatasi, kabla ya nauli

Nimeona vijana wenye akili wakikosa mwaka mzima kwa ajili ya karatasi moja, na katika wilaya zetu karatasi hiyo aghalabu ni cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa wengi wamezaliwa nyumbani, mbali na zahanati. Kitafute leo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa vilevile. Uhakiki huo ni kazi ya wiki si ya siku, na dirisha la maombi, ambalo aghalabu hufunguliwa katikati ya mwaka, halimngoji mtu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo hutolewa pia kwa stashahada za fani fulani za kipaumbele; soma mwongozo wa mwaka wako uone kama fani yako imo.

La pili ni jina. Akiitwa mtu Tluway katika cheti cha kuzaliwa, na Tluwai katika cheti cha kidato cha nne, na jina jingine la ubatizo katika cheti cha ufundi, mashine ya kudahili haijui kuwa watatu hao ni mmoja. Majina ya Kiiraqw na ya Kidatoga huharibiwa sana na kalamu za waandishi wasiozijua lugha hizo. Yakague mapema, na palipo hitilafu pata hati ya kiapo au marekebisho ungali nyumbani, ambako wazee wanaokufahamu wako karibu.

La tatu ni ushahidi wa kazi. Nunua daftari gumu, liite kitabu cha kazi, uandike kila kazi uliyoifanya: tarehe, mahali, kitu kilichotengenezwa, vifaa vilivyotumika, ila iliyotokea na namna ulivyoitengeneza, mwenye kazi atie sahihi. Daftari hilo litakusaidia katika kurasimishwa ujuzi, na chuoni litakupa mifano ambayo wenzako wataitafuta vitabuni wasiione.

5. Kipime chuo kabla hakijakupima

Chuo nacho kina mtihani wa kufanya mbele yako, na maswali yake ni machache. Je, kimesajiliwa na NACTVET, au na Tume ya Vyuo Vikuu, na programu uitakayo, si chuo tu, imepewa ithibati? Je, karakana yake ina mashine ngapi zinazofanya kazi kwa wanafunzi wangapi? Ukiweza, ingia uitazame sakafu: karakana inayotumika ina takataka za mbao na chuma, na ile isiyotumika ina vumbi la namna moja juu ya kila kitu. Je, mazoezi ya kufundisha ni ya wiki ngapi, na mwanafunzi hukaguliwa na nani? Je, mwanafunzi hupelekwa kiwandani au karakana ya watu kufanya kazi ya kweli, mbali na mazoezi ya kufundisha? Mambo hayo mawili ni tofauti, na chuo kinachokupa moja tu kitakurudisha kwenye nusu ya mtu tuliyemwona mwanzoni. Mwisho, watafute wahitimu wawili wa miaka ya karibuni uwaulize wanafanya nini sasa. Jibu lao lina uzito kuliko kipeperushi.

Uliza pia habari ya lugha, nawe jiandae. Katika karakana ya ufundi stadi Kiswahili hutawala, bali chuo kikuu husomesha kwa Kiingereza, na fundi hodari huweza kunyamaza darasani kwa kukosa neno la kitu ambacho mkono wake unakijua. Dawa yake ni ndogo: katika kitabu chako cha kazi, kila kifaa kiandike kwa jina la mtaani, kwa Kiswahili sanifu na kwa Kiingereza. Utakaporudi kufundisha, majina yote matatu yatakufaa.

6. Anza kufundisha ungali nyumbani

Ualimu haungoji barua ya udahili. Chukua kijana mmoja wa jirani, umfundishe jambo moja. Duniani kote wanaofundisha watu kazini wamefuata kwa muda mrefu hatua nne zilizowekwa bayana na Mmarekani Charles Allen mwaka 1919, ambazo Marekani ilizitumia tena wakati wa Vita vya Pili ilipolazimika kuwafundisha upesi watu wasiopata kuona kiwanda: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, mjaribishe, mpime. Zinaonekana sahali, na usahali wake umewadanganya wengi.

Tuzitazame katika kona ya ukuta. *Kumwandaa* si kumwambia "leo tutajenga kona". Ni kumwuliza amekwisha kuona kona iliyopasuka wapi, na kumpeleka aitazame, ili ajue kosa linazaa nini. *Kumwonyesha* ni kazi ya kujikata vipande: mwashi wa miaka ishirini huweka tofali kwa tendo moja, ilhali ndani yake mna matendo saba, kuteka chokaa kwa mwiko, kuitandaza, kuifanyia mfereji katikati, kuweka tofali, kuligonga kwa mpini, kuondoa chokaa iliyotoka kando, kupima kwa pima maji kulala kwake na kwa timazi kusimama kwake. Yaandike yote. Utashangaa kwamba tendo unalolisahau kuliandika ndilo mwanafunzi atakalokosea. Fanya mara ya kwanza kwa kasi yako ya kawaida ili aone mwisho wa jambo. Mara ya pili polepole, ukisema. Mara ya tatu nyamaza, yeye aseme wewe ufanye. *Kumjaribisha* ni kuweka mikono yako nyuma ya mgongo, na hapa mafundi wengi hushindwa, maana mkono hodari hauvumilii kuona mwiko ukishikwa vibaya, humnyang'anya mtoto kazi, na mtoto hujifunza kwamba yeye hawezi. *Kumpima* ni kumpa kipimo kabla hajaanza: kozi nne, kwa saa moja, tofauti ya timazi isizidi kiasi ulichomtajia, kisha yeye mwenyewe aipime, akwambie kama amefaulu. Fundi anayeweza kujihukumu kwa haki hana haja ya msimamizi.

Lau yule mzee wa Katesh angeukata usikilizaji wake vipande namna hiyo, akamwambia kijana, "Sikiliza kwanza mlio wa chini kama wa ngoma, sasa tafuta juu yake mlio mkavu unaorudi kila mara, huo ndio," ujuzi wake wa miaka arobaini usingekwenda naye kaburini. Kijana yule hakuwa mpumbavu, wala mzee hakuwa mchoyo.

Zingatia pia ni nani aliye mbele yako. Katika darasa moja la Hanang huweza kukaa mtoto wa Kiiraqw, wa Kibarbaig, wa Kinyaturu na wa Kinyiramba, na Kiswahili kikawa lugha ya pili ya wote. Mchungaji aliyekaa na ng'ombe mpaka ujana wake huenda haoni maana ya milimita, lakini humtambua ng'ombe mmoja katika mia kwa umbo la pembe. Jicho kama hilo ni mali, nawe mwalimu ndiwe wa kulihamishia kwenye mbao na chuma. Na kabla ya yote, usalama: viatu, miwani, glavu, na chanzo cha umeme kilichozimwa. Mwalimu anayechomelea bila miwani hufundisha upofu kwa darasa zima.

7. Neno la kuagana

Ukiisha kuhitimu utaitwa mahali pengi, na sitakulaumu ukienda. Lakini mhitimu mmoja akikaa Arusha ni mmoja katika wengi, ilhali akirudi Haydom, Dongobesh, Katesh au Bassotu huenda akawa yeye peke yake, na kila mwaka akatoa mafundi ambao wazee wao hawatauza ng'ombe ili kumlipa fundi wa mbali. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, ingawa tuzo hiyo mara nyingi huchelewa kufika.

Basi usikae kusubiri tangazo. Juma hili fanya mambo matatu: kiulizie cheti chako cha kuzaliwa, nunua daftari la kazi, na mtafute kijana mmoja umfundishe jambo moja kwa hatua nne. Vyuo havijahama, Morogoro iko pale, Mbeya iko pale, na Babati ni safari ya siku moja.